Salim Ahmed Salim: Ya Kweli, Ya Uongo na Ya Nusu Nusu

Ukimtaja Dk. Salim Ahmed Salim kwenye baraza lolote la kahawa, iwe Kariakoo au Darajani, hutakawia kusikia habari za vyeo alivyovikosa. Kwamba alibakiza hatua moja awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kwamba Mwalimu Nyerere alimtaka arithi Ikulu. Kwamba alicheza ngoma New York, na Wamarekani wakaapa kutomsahau. Hadithi hizo zimerudiwa mpaka zimegeuka kuwa ndiyo maisha yake yenyewe, na kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 40 imesukumwa kando. Naona huko ni kumdhulumu, na ni kujidhulumu sisi wenyewe tuliomtuma. Basi tuyapime yanayosemwa, moja baada ya jingine.

"Alikuwa balozi akiwa na miaka 22."

Kweli tupu. Salim alizaliwa Zanzibar tarehe 23 Januari 1942. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi na wa Muungano, alikabidhiwa ubalozi mjini Cairo. Cairo ya Gamal Abdel Nasser haikuwa kituo cha kumtuma mtu akajifunze kazi taratibu. Vyama vingi vya ukombozi vya Afrika vilikuwa na ofisi pale, na mwaka huohuo wakuu wa nchi wa Afrika walikutana hapo kwa mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Lakini wanaosimulia umri wake kana kwamba aliokotwa barabarani wanasahau alikotoka. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa wanafunzi Zanzibar, aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya Wazanzibari mjini Havana, na alikuwa mwandishi wa habari na kiongozi katika chama cha waandishi. Alikuwa katika kundi la vijana wa Abdulrahman Babu waliounda Umma Party mwaka 1963. Kijana wa miaka 22 aliyekwisha kuona Cuba ya baada ya mapinduzi na kugombana na serikali kwa kalamu hakuwa mtoto wa siasa.

"Alisoma kwanza, ndipo akapewa kazi."

Si kweli; masomo yalifuata kazi. Alisoma Chuo cha St. Stephen's, Delhi, akiwa Balozi wa Tanzania nchini India kati ya 1965 na 1968. Shahada ya uzamili ya mambo ya kimataifa aliipata Chuo Kikuu cha Columbia alipokuwa New York akiiwakilisha nchi. Mchana yupo kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa, na bado ana vitabu vinavyomsubiri. Vijana wanaoahirisha kila jambo mpaka cheti kipatikane wangepaswa kulijua hili, na wanaodhani uzoefu unatosha bila kusoma nao walijue pia.

"Alicheza ngoma kwenye ukumbi wa Umoja wa Mataifa, ndiyo maana Marekani ikamnyima ukatibu mkuu."

Nusu kweli, na ile nusu ya pili ndiyo inayopotosha.

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura juu ya kiti cha China. Kwa zaidi ya miaka 20 kiti hicho kilikaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek iliyokuwa imekimbilia Taiwan. Marekani ilitaka suala lihesabiwe kuwa zito, lipite kwa theluthi mbili tu. Hoja hiyo ikaanguka kwa kura 59 dhidi ya 55. Baada ya hapo Azimio namba 2758, ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha, likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, huku 17 zikijizuia. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wajumbe walikumbatiana, na wengine wakacheza katikati ya viti. Salim, wakati huo ana miaka 29, alikuwa mmoja wao. Hakuwa peke yake, ila magazeti ya Marekani yaliishika picha ya kijana yule wa Kitanzania na hayakuiachia.

Furaha ile ilikuwa na sababu nyumbani. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ambayo mabenki na wataalamu wa Magharibi waliikataa wakisema haitalipa, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Salim mwenyewe alikuwa ametoka kuwa balozi Beijing. Balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule alikuwa George H. W. Bush, na mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu, Bush huyohuyo alikuwa Makamu wa Rais. Ndiyo sababu hadithi ya ngoma ikapata miguu.

Sasa tazama yaliyoachwa nje ya hadithi. Kuanzia 1972 hadi 1980 Salim aliongoza Kamati ya 24, kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni. Mwaka wake wa kwanza tu kamati hiyo ilitamka kwamba watu wa Puerto Rico wana haki ya kujiamulia mambo yao, jambo ambalo Washington ililichukulia kama kuingiliwa chumbani. Januari 1976, akiwa Rais wa Baraza la Usalama, mjadala wa Mashariki ya Kati uliendeshwa wajumbe wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakiwa wamekaa mezani. Ulimalizika kwa Marekani kupiga kura ya turufu. Mei 1981, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Katibu Mkuu, aliongoza mkutano wa kimataifa mjini Paris wa kudai vikwazo dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu, wakati serikali ya Reagan imeamua kuzungumza na Pretoria kwa upole.

Kwa hiyo anayesema "ni ile ngoma" anapunguza ukubwa wa jambo. Salim alizuiwa kwa ajili ya miaka 10 ya kazi aliyotumwa na Tanzania na Afrika. Tukisema ni kucheza tu, tunakubali kwamba kosa lilikuwa la kijana aliyeshindwa kujizuia, na tunawasafisha waliomzuia.

"Alishindwa uchaguzi wa 1981."

Si kweli, na hapa inafaa watu wazijue hesabu.

Kurt Waldheim wa Austria alikuwa anataka muhula wa tatu. Wakuu wa nchi za OAU walikutana Nairobi Juni 1981 wakampitisha Salim kuwa mgombea wa Afrika. Baraza la Usalama lina wajumbe 15. Mgombea anahitaji kura 9, na asikataliwe na yeyote kati ya wale watano wa kudumu. Mjumbe aliruhusiwa kumuunga mkono mgombea zaidi ya mmoja. Katika kura ya kwanza, mwishoni mwa Oktoba, Salim alipata kura 11 na Waldheim 10. Kwa idadi, alikuwa ameshinda. Marekani ikatumia turufu dhidi yake.

Na China ikatumia turufu dhidi ya Waldheim. Si mara moja wala mbili: mara 16, raundi baada ya raundi, kwa msimamo kwamba zamu hii ni ya Dunia ya Tatu. Marekani nayo haikulegea kwa Salim. Baraza zima lilikwama kwa takriban wiki sita. Mwanzoni mwa Desemba, Olara Otunnu wa Uganda, kijana aliyekuwa anashika urais wa Baraza mwezi huo, aliwaomba wote wawili wakae pembeni ili wengine wapimwe. Waldheim akakubali, Salim naye akafuata siku chache baadaye, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa.

Mtu aliyepata kura nyingi kuliko mpinzani wake, akazuiwa na nchi moja, hawezi kuitwa aliyeshindwa. Isitoshe, baada ya msuguano ule hakuna Katibu Mkuu aliyewahi kupata muhula wa tatu. Wakati Boutros Boutros-Ghali wa Misri alipoingia mwaka 1992, hoja ya Afrika ilikuwa imekwisha kupiganiwa miaka kumi nyuma. Sisemi Salim alimfungulia mlango peke yake. Nasema alikuwa wa kwanza kuusukuma ukatikisika.

"Rais wa Baraza Kuu kazi yake ni kugonga nyundo tu."

Nusu kweli kwa wengi, ila si kwa mwaka wake. Salim alichaguliwa kuongoza kikao cha 34, kilichoanza Septemba 1979. Desemba majeshi ya Sovieti yakaingia Afghanistan. Baraza la Usalama likazuiwa na turufu ya Moscow, na Januari 1980 Baraza Kuu likaitwa kwa kikao cha dharura chini ya kiti chake. Kura 104 dhidi ya 18 zikataka majeshi ya kigeni yaondoke. Julai mwaka huohuo likaitwa tena kwa dharura, safari hii juu ya Palestina, baada ya turufu ya Washington. Mtu mmoja, mwaka mmoja, vikao viwili, kila kimoja kimesababishwa na dola kubwa moja. Wanaomwita Salim kibaraka wa kambi fulani wangeanza kwa kuangalia kiti kile.

Na kuna tarehe moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Tanzania aijue: 25 Agosti 1980. Siku hiyo Zimbabwe ilipokewa Umoja wa Mataifa, na aliyekuwa anaongoza kikao ni Salim, mwenyekiti wa Kamati ya 24, ambaye miaka mitano kabla alikuwa ameongoza kamati ya Baraza la Usalama ya vikwazo dhidi ya Rhodesia ya Ian Smith. Ni wanadiplomasia wachache duniani wanaopewa nafasi ya kufungua kazi na kuifunga kwa mkono wao wenyewe.

"Nyerere alimwandaa awe Rais mwaka 1985, akanyimwa kwa sababu ni Mzanzibari."

Sehemu ya kwanza ina ushahidi wa mazingira. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na siku 12 baadaye, nchi ikiwa bado imepigwa na bumbuwazi, Mwalimu akamteua Salim kushika nafasi hiyo. Alikuwa na miaka 42. Waliokuwa karibu na vikao vya CCM wamesimulia mara nyingi kwamba Mwalimu alimwona kuwa anafaa kumrithi.

Sehemu ya pili haisimami. Aliyeteuliwa, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa Rais wa Zanzibar. Mwinyi alizaliwa Mkuranga, Bara, akalelewa Unguja, na alikuja kutoka huko huko Zanzibar anakotoka Salim. Tatizo halikuwa Uzanzibari. Linalosimuliwa ni upinzani wa baadhi ya Wazanzibari wenyewe, wenye mizizi katika siasa za kabla ya 1964: nani alikuwa chama gani, na nani wa asili gani. Hayo ni makovu ya visiwani, na kuyaita ubaguzi wa Bara ni kukwepa maumivu yalipo.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Salim hakununa wala hakuhama. Mwinyi alimpa Ulinzi na cheo cha Naibu Waziri Mkuu, ambacho baadaye kilikuja kushikwa na Augustine Mrema na, miaka mingi mbele, Doto Biteko. Alikifanyia kazi mpaka Afrika ilipomwita mwaka 1989.

Mwaka 2005 mambo yaleyale yalirudi. Katika Mkutano Mkuu wa CCM wa kuteua mgombea urais pale Dodoma, Jakaya Kikwete alipata kura 1,072, Salim 476, Mark Mwandosya 122. Wakati wa kinyang'anyiro zilisambazwa shutuma juu ya asili ya Salim na siasa za ujana wake. Shutuma za chama, kwamba alikuwa mtu wa Hizbu (chama cha ZNP), hazikuwa na uzito: Umma Party ilijitenga na Hizbu mwaka 1963, kabla ya Mapinduzi, na wanachama wake walishiriki Mapinduzi hayo. Za asili hazistahili hata kujibiwa.

"OAU ilikuwa klabu ya marais, Katibu Mkuu wake hakuwa na la kufanya."

Hili ndilo ninalotaka kukaa nalo, maana hapa ndipo kazi kubwa ilipo na ndipo inapojadiliwa kidogo kuliko pote.

Ni kweli kwamba mkataba wa OAU wa 1963 ulimfunga mikono. Ulisema hakuna kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama. Rais akiwaua raia wake, makao makuu ya OAU mjini Addis Ababa yalinyamaza kwa mujibu wa sheria yake. Salim alichaguliwa 1989, akachaguliwa tena 1993 na 1997, akakaa miaka 12. Hakuna Katibu Mkuu mwingine wa OAU aliyekaa muda huo. Katika miaka hiyo alifanya jambo ambalo marais hawakulipenda mwanzoni: aliwaambia hadharani na kwa maandishi kwamba nchi haiwezi kujificha nyuma ya mipaka yake inapowachinja watu wake.

Juni 1993 mjini Cairo wakuu wa nchi walikubali kuanzisha chombo cha kuzuia, kusimamia na kutatua migogoro. Kwa mara ya kwanza Katibu Mkuu alipata ruhusa ya kutuma wajumbe bila kusubiri mkutano wa mwaka. Mwaka 1997 yalipotokea mapinduzi Sierra Leone, mkutano wa Harare uliyalaani waziwazi. Mwaka 1999 Algiers, na 2000 Lomé, OAU ikaamua kwamba serikali iliyoingia kwa mtutu haikai kwenye viti vyake. Lomé hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, yenye kifungu cha 4(h) kinachoupa Umoja haki ya kuingilia kati yanapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Kutoka "usiingilie" hadi "una haki ya kuingilia", ndani ya utumishi wa mtu mmoja. Hakuyafanya peke yake, lakini bila sekretarieti iliyosukuma karatasi na hoja mwaka hadi mwaka, yasingefika mezani.

Lazima pia tuseme Rwanda. OAU ilisaidia mazungumzo ya Arusha yaliyozaa mkataba wa 4 Agosti 1993, na ilikuwa na waangalizi wake wa kijeshi mpakani, wachache mno. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama lilikipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa mpaka watu 270 wakati watu wanakatwakatwa barabarani. OAU haikuwa na jeshi la kutuma. Lakini haikukosa jeshi tu. Ilikosa pia sauti. Juni 1994, kwenye mkutano wake wa Tunis, wajumbe wa serikali iliyokuwa inaendesha mauaji walikaa ukumbini kama wageni wengine.

Haya si mimi niliyeyagundua. Yamo katika ripoti ya jopo lililoundwa na OAU yenyewe chini ya Ketumile Masire, Rais mstaafu wa Botswana, iliyotolewa mwaka 2000 Salim akiwa bado ofisini. Ripoti ile iliishutumu Ufaransa, Marekani, Ubelgiji, Umoja wa Mataifa, Kanisa, na OAU. Taasisi ngapi za Afrika zimewahi kulipa jopo liwaambie viongozi wake walipokosea, kisha zikaichapisha hukumu hiyo? Hukumu yangu juu ya dai hili ni kwamba si kweli. Alifanya mengi ndani ya nyumba iliyojengwa ili asifanye, na pale iliposhindwa, rekodi ya kushindwa ipo wazi.

"Baada ya OAU alipumzika."

Si kweli. Alikuwa msuluhishi wa Umoja wa Afrika katika mazungumzo ya Darfur mjini Abuja, yaliyozaa mkataba wa 5 Mei 2006. Mkataba ule ulisainiwa na serikali ya Sudan na kundi moja kubwa la waasi, mengine yakakataa, na vita haikuisha. Ni haki kuuita mkataba uliopungua. Mwaka uliofuata alirudi tena, safari hii pamoja na Jan Eliasson wa Sweden, mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Nyumbani aliketi kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, akizunguka kusikiliza wananchi akiwa na miaka 70. Mwaka 2019 China ilimtunuku Medali ya Urafiki, kwa ajili ya ule usiku wa 1971 na yaliyoufuata.

Hesabu zote zikikamilika, vyeo alivyokosa Salim ni viwili. Alivyovishika na kuvifanyia kazi havihesabiki kwa vidole vya mkono mmoja, na baadhi vimebadilisha sheria za bara zima. Ombi langu ni kwa walimu wa historia na wahariri wa vitabu vya shule: mnapofundisha ukombozi wa Kusini mwa Afrika, msiishie kwenye kambi za wapigania uhuru za Kongwa na Nachingwea. Wapeni wanafunzi pia Kamati ya 24, Azimio 2758, kura 11 za Oktoba 1981 na kifungu cha 4(h), na muwaambie ni Mtanzania yupi alikuwa amekaa kwenye kiti.